Ukaguzi

Mhandisi Semkiwa amekuja na fomu na tepu.
Funguo ninazo mimi, kwa hiyo ananiuliza mimi:
jengo hili lilichorwa na nani?
Sijui. Waliolichora waliondoka na karatasi zao.
Ingia, lakini ngoja kidogo mlangoni, macho yazoee.
Humu jua haliingii bila hodi.

Pima ukuta: dhiraa na shibiri,
mawe ya matumbawe, chokaa ya tanuri.
Sasa pima chumba. Umeona?
Na kile cha pili? Na cha masijala?
Vyote upana mmoja, vyembamba kama vichochoro.
Tanga nzima husema Mjerumani alikuwa bahili.
Tazama juu. Boriti.
Mkoko hauzidi pale ulipokomea,
na ulipokomea ndipo ukuta uliposimama.
Bwana mkubwa alitaka ukumbi;
mti wa topeni ukamwambia, mwisho wangu hapa.

Umeme umekatika. Njoo dirishani.
Ng'ambo ya barabara benki ya vioo
inawatapika wafanyakazi wake mmoja mmoja,
tai zimelegea, wanajipepea kwa fomu za mikopo.
Huku Bi Mwantumu hajainua hata kichwa,
anagonga mihuri: ta, ta.
Upepo umeingia kwa baraza la mashariki,
umepenya matundu ya nakshi juu ya milango,
umetokea uani
kama mwenye nyumba.

Unaandika "la kupendeza". Andika.
Ila babu yangu aliingia humu na shamba la Pongwe
akatoka na namba.
Akaikariri njia nzima hadi nyumbani
asije akaipoteza na yenyewe.
Mimi nafuta vumbi la meza ile ile
kwa mshahara,
na siku nyingine kwa kitu ambacho sijui nikiiteje.

Gonga hapa. Panaitika tupu, sivyo?
Mwaka ule halmashauri ilipaka saruji,
tukapiga picha, tukala pilau.
Ukuta uliozoea kutoa jasho tukauvika koti la mvua.
Kikulacho ki nguoni,
na nguo tuliivalisha sisi.

Kisanduku cha mwisho: thamani, kwa shilingi.
Mhandisi ameinua kalamu, ananitazama.
Andika saruji ibanduliwe.
Andika chokaa, magunia mangapi sijui, msomi ni wewe.
Na jalada la babu liko chini ya ngazi,
rafu ya pili, mchwa hawajaifikia.
Andika na hilo.