Wa Ngapi Kati ya Mia

Jumanne asubuhi, theluji ikiyeyuka chini ya viatu vya wateja,
alifika dirishani kwangu Pasquale Scognamiglio,
mwoka mikate wa mtaa wa Barriera,
unga kwenye nyusi, hati ya bima mkononi
imekunjwa mara nne
kama barua ya posa iliyokataliwa.

"Signora, jirani yangu wa ghorofa ya pili ana gari kama langu.
Rangi moja, mwaka mmoja, hata harufu ya mbwa ni moja.
Yeye analipa mia nne. Mimi, mia saba na themanini.
Miaka thelathini na mmoja naendesha, sijamkwaruza hata paka.
Nieleze polepole. Nimekesha na tanuri."

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta,
jambo tulilokatazwa.
Jedwali halikuwa na tusi hata moja.
Mzaliwa wa Torino: waliogonga, kati ya mia, tisa.
Mzaliwa wa Napoli: kumi na wanne.

Alisoma kwa kidole, midomo ikimfuata.
Akasoma tena.
"Haya. Na mimi ni wa ngapi kati ya hao mia?"

Miaka mitano nilisomea hesabu,
hakuna profesa aliyewahi kuniuliza hilo.

Sisemi namba zilidanganya.
Nilizikusanya mwenyewe, faili kwa faili,
taa zilizovunjika, shingo zilizoteguka,
usiku nikiota milango iliyobonyea.
Tena, nani haishi kwa kukisia?
Ukiona wingu unabeba mwavuli,
na wingu halikushtaki popote.

Lakini wingu halina mama aliyelizaa mahali.
Halisimami foleni kuuliza kwa nini.
Ukilidhania mvua, nalo lisinyeshe,
halirudi nyumbani limepungua kimo.

"Mimi," akasema, "nikioka mikate mia,
kumi na minne ikaungua,
siuzi yote kwa bei ya mkaa.
Naushika mmoja mmoja, naugeuza,
naugonga tumboni kwa kifundo cha kidole,
nasikiliza."
Akagonga kaunta yangu, mara mbili.
Mbao ikajibu.

Nilitaka kumwambia kwamba kusikiliza ni ghali,
kwamba wastani ndio njia yetu ya kununua muda,
kwamba wachache wamewaponza wenzao
na mimi si mwanzilishi wa dunia.
Nikakumbuka kaka yangu Fulvio,
mzaliwa wa hapa, hospitali ya hapo ng'ambo ya mto:
amegonga mara tatu,
mara moja ukuta wa kanisa, ukuta usiosogea tangu ujengwe,
na bado jedwali linamkumbatia,
linamficha nyuma ya tisini na mmoja wasio na hatia.
Yeye hajawahi kuuliza ni wa ngapi.
Angeuliza kwa nini?

Tofauti ni watu watano.
Watano kati ya mia, sijawahi kuwaona nyuso,
basi nikawavika wote uso wa huyu,
pamoja na unga wake.

"Siwezi kubadilisha bei," nikasema. "Mashine hainiruhusu."
Ni kweli. Pia ni rahisi kuisema.

Akatoa fedha taslimu, noti laini kama chachu.
Nikazihesabu.
Nikazihesabu tena.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama wa Crocetta,
mwenye koti la manyoya, aliyemtangulia kwenye foleni:
bahasha yake niliitia kwenye droo imefungwa,
nikamtakia siku njema.

Vidole vyangu vikasimama kwenye noti ya kumi na mbili.
Hakuna aliyeviagiza. Hakuna jedwali la hilo.

Aliona.
Alikunja risiti mara nne, akaitia mfukoni,
akavaa kofia yake polepole
kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema kitu.

Sikusema.

Naye hakuniuliza
mimi ni wa ngapi.