Miraba Kumi na Tisa

Fundi Asige alikuja, akaugonga ukuta wa jikoni
kwa kifundo cha kidole, kama daktari agongavyo kifua.
Akasema: Mama Vugutsa, hii kazi ni ya siku moja na nusu.
Nikamjibu: kwako.
Akataja bei. Nikamwongezea chai.

Alipoondoka niliokota kaa mekoni
nikauchora ukuta miraba kumi na tisa,
kila mmoja upana wa kanga iliyokunjwa mara mbili.
Mwanangu akadhani nimerudia kufundisha hesabu.
Mraba mmoja, siku moja. Ndio mkataba
niliowekeana na hii baridi yabisi,
mpangaji asiyelipa kodi,
mwaka wa kumi na moja sasa katika viungo vyangu,
na alfajiri ndiye wa kwanza kuamka.

Saa kumi na mbili vidole havikunjiki.
Naviloweka katika karai la maji vuguvugu
kama maharagwe yaliyokaa mno ghalani.
Saa mbili vinaanza kuitika.
Saa tatu nina nguvu. Nazihesabu upesi
kabla hazijajua kwamba nazihesabu:
zipo za kusugua masizi
au zipo za kusonga ugali.
Za vyote viwili hakuna.
Siku ya kusugua tunakula ndizi za kuchemsha.
Vugutsa hanung'uniki, ila anazitazama.

Masizi ya miaka ishirini hayaondoki kwa heshima.
Ni ya tangu enzi ya mama mkwe,
moshi wa mikaratusi, wa mabua, wa kiatu kimoja
kilichotupwa motoni kwa hasira, sijui cha nani.
Nasugua. Maji meusi yananitiririka hadi kiwikoni
na chini yake unatokea ukuta wa samawati
ambao hakuna aliyewahi kuniambia upo.

Siku ya tano nilijiona mzima.
Ndivyo huu ugonjwa unavyokopesha:
kwa tabasamu, bila kutaja riba.
Nikapaka mraba wa tano. Wa sita. Wa saba,
redio ikisoma matangazo ya vifo,
mvua ya alasiri ya Chavakali ikipiga mabati,
na mimi, jamani, nikipiga mluzi.

Riba ilikuja usiku.
Siku nne nililala nikiangalia dari.
Brashi ilikaukia ndani ya kopo, ikawa ngumu kama mwenyewe.
Wifi yangu Kageha akapita na fungu la mrenda.
"Pole. Lakini sura yako ni nzuri."
Sura haipaki rangi, wifi.

Tangu hapo, hata nikijisikia vizuri, nafunga kopo.
Kulifunga ndiko kunakonichosha zaidi,
mkono ungali unataka.
Rangi ukiizidishia maji ili ifike mbali
itafika, lakini ukuta wa zamani utakuchungulia.
Mafundi wote wanalijua hilo.
Mimi nilijizidishia maji tangu shuleni Mudete,
vipindi vinane mchana, madaftari usiku,
na nikajiita hodari.

Safu ya juu nilimwachia Vugutsa.
Alisimama juu ya kiti, akaacha michirizi.
Sikumrekebisha.
Uongo. Nilimrekebisha mara mbili, kisha nikaketi.

Leo ukiuliza, nitakwambia umekwisha.
Ila mlango ukiwa wazi, siku isiyo na mvua,
utaona miraba haifanani:
huu wa wiki kavu umekuwa mweupe wa unga,
ule wa mvua umeiva kama maziwa ya mgando,
na kati ya wa saba na wa nane pana ukingo
unaoweza kuupapasa kwa kidole.
Hapo ndipo zilipo zile siku nne.

Mraba wa kumi na tisa tuliusogezea kabati.
Nyuma yake masizi ya mama mkwe yapo palepale,
pamoja na mstari wangu wa kaa.

Asige amepita jana. Akatazama, akanywa.
"Kwa hiyo umemaliza?"
Nimemaliza, nikasema.
Macho yake yakaenda kwenye kabati, yakarudi kikombeni.
Akaomba sukari.