Sekunde Nne

Saa saba na nusu usiku. Noshiro imelala chini ya theluji,
mume wangu anakoroma chumba cha pili.
Nimepunguza sauti ya runinga mpaka imebaki mnong'ono,
miguu nimeitia chini ya blanketi la meza, kwenye joto.
Jikoni maharage ya soya yamelowekwa ndooni,
yanavimba polepole gizani, yananingoja saa tisa.

Mimi si mtu wa katuni.
Katuni za utoto wangu zilikuwa na sungura
na zilikwisha kabla ya chakula cha jioni.
Hii haina sungura.
Ina jua lililokufa, mji uliojichimbia ardhini kama mchwa,
na watoto wanaofungiwa ndani ya mashine ndefu kuliko minara
waende wakapigane na kitu kisicho na uso.
Mashine hizo hazili mafuta. Zinakula kumbukumbu.
Kila vita mtoto hutoa moja,
na akirudi hajui alichotoa.

Sehemu ya kwanza niliizima katikati.
Ya pili niliitazama kupitia vidole.
Baada ya ya tatu nikampigia Tsukasa:
"Nani anayatunga mambo haya? Hana mama?"
Akacheka. Tangu aende Tokyo kicheko chake kimekuwa kifupi,
kama mtu anayelipia kwa sekunde.

Kazi yake aliwahi kunieleza, nikajifanya nimeelewa.
Mchoraji mkuu huchora mkono ukiwa mezani,
kisha mkono ukiwa hewani,
na mwanangu huchora njia yote iliyo kati.
Michoro kumi na miwili, ishirini, mia,
ili jicho la mtu lisishtuke.
Wa katikati hakuna anayemwona.
Akifanya vizuri, ni kana kwamba hakufanya.
Nikamwambia: basi ni sawa na kutengeneza tofu.
Siku hiyo kicheko kilirefuka kidogo.

Sasa ni sehemu ya tisa.
Yule msichana, Itsuha, ametoa karibu vyote:
harufu ya mvua, wimbo wa shule, jina la mbwa wake.
Fundi wa mashine anasoma vipimo, hainui kichwa.
"Bado kimoja," anasema.
Nami najisikia nikisema, peke yangu, usiku wa manane:
"Usitoe. Hicho usikitoe, mwanangu."

Anatoa.

Skrini inakuwa nyeupe, kisha jiko la nyumba ya mtu.
Mkono wa mama unamenya tufaha,
ganda linashuka refu, jekundu, halikatiki.
Ni sekunde nne tu.
Na kidole cha mwisho cha mkono ule kimepinda nje,
hakigusi kisu,
kimesimama pembeni kama mgeni asiyekaribishwa kuketi.

Kidole changu.
Kilivunjwa na mashine ya kukamulia soya, mwaka Tsukasa alipoanza shule.
Kikaunga vibaya. Tangu hapo sijamenya kitu
bila kukiacha nje.
Sikujua kwamba alikuwa akikitazama.
Alikuwa akila tu, kipande baada ya kipande, macho daftarini.

Halafu ganda linashika moto.
Mkono unaungua kuanzia kidole kile,
mashine inanyanyuka, mji unashinda, watu wanashangilia,
na msichana anashuka ngazi,
anamgonga bega mwanamke mmoja anayelia,
anamwomba radhi kwa adabu, anapita.

Majina yanapanda kasi. La kwake liko chini kabisa,
katika kundi la majina madogo. Nimeambulia nusu.
Tangazo la dawa ya meno linaimba.

Nachukua simu, naandika: Nimekiona kidole.
Nafuta.
Naandika: Huko kuna baridi? Vaa soksi.
Hiyo natuma.

Jibu linaingia hata sijaiweka simu chini,
kumbe naye hajalala:
Nimevaa.

Najifunga aproni, nainamia ndoo.
Maji ni ya barafu.
Kidole kile ndicho huyahisi wa kwanza.