Bega la Kushoto

Teodozja aliniletea bahasha tatu za vigezo,
akazipanga mezani kama karata.
Ya kwanza alikuwa ameichagulia picha:
bibi mwenye shingo ya korongo,
kiuno cha kushikika kwa viganja viwili,
gauni la kijani lililovutwa nyuma kwa kamba
likafura matuta matatu juu ya sketi.
"Hili. Nitakwenda nalo dansini Februari."

Nikamwambia picha haivaliwi.
Nikafungua bahasha, nikautafuta mkono,
maana mkono wa gauni haujui kudanganya:
ama ulikatwa na mtu aliyewahi kuinua kikombe,
ama na mchoraji.
Huu, mchoraji.
Bahasha ya pili ilikuwa na zipu mgongoni.
Zipu, karne ya kumi na nane!
Tulicheka hadi chai ikapoa.
Ya tatu, karatasi ya kahawia isiyo na picha,
imepimwa, iliandikwa, kutoka gauni halisi
lililolala kwenye droo ya makumbusho, hapahapa Łódź.
Badani mbili, mgongo vipande vinne,
bitana ya kitani. Basi.
Tukaichukua hiyo.

Kwanza shumizi, kisha koseti.
Vipimo vya kabla ya koseti ni umbea tu.
Nilikaza kamba hadi akanishika mkono:
"Mimi dereva wa tramu, Halszka, si malaika."
Nikapima upya. Kiuno kimepungua vidole vitatu,
kifua kimehamia ghorofa ya juu.

Halafu marekani, ile ya bei ya chini.
Nikapiga bandi, nikamvisha, nikasimama mbali.
Kulia nguo imetulia kama maziwa kwenye sahani.
Kushoto, makunyanzi ya mshazari
kutoka shingoni hadi kwapani,
kama vichochoro vya Bałuty kwa mgeni.
Nikachomoa pini, nikachoma pini.
Nikatia kikwapa, nikakitoa.
Nikapunguza taharizi,
na tundu la mkono likazidi kunung'unika.

"Ni mimi," akasema.
"Miaka thelathini na mmoja mkono huu uko kwenye wenzo.
Bega lilishuka, halikupanda tena."
Alisema kama mtu aliyevunja glasi ya mwenyeji.

Nguo ya kuazima haisitiri matako,
na kigezo, hata cha karatasi nzuri,
ni nguo ya kuazima.

Droo hufunguliwa Jumatano, kwa maombi.
Bi Ludgarda, glavu nyeupe,
alitukataza hata kupumua kwa karibu.
Hariri ya rangi ya chai yenye limau.
Kwapani, duara la chumvi
ya mwili uliokwisha kitambo.
Nilianza kuhesabu mishono kwa mazoea tu,
nikafika begani, nikarudi nyuma, nikahesabu tena.
La kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia
kwa upana wa kidole gumba,
na karibu na shingo kiraka kidogo,
uzi wa rangi nyingine, kazi ya haraka,
labda usiku wa kuamkia sherehe.

Mchora kigezo alikuwa amelinyoosha.
Alichukua upande wa kulia, akakunja karatasi,
akakata pande mbili kwa mkasi mmoja,
kana kwamba watu ni milango.

Teodozja hakugusa kitu.
Alivua koti, katika baridi ile ya stoo,
akasimama sambamba na droo,
bega lake hapa, lile pale.
"Huyu naye," akauliza, "aliendesha nini?"
Bi Ludgarda akapekua daftari lake.
Hapakuwa na jina, wala kazi,
tarehe tu ya siku gauni lilipopokelewa.

Usiku nilitandaza karatasi sakafuni, sikuikunja.
Kila badani nikaikata peke yake.
Kushoto nikashusha kidole gumba,
nikaacha nafasi ya kiraka, ingawa kitambaa kilitosha.
Ukingoni nikaandika kwa penseli,
kwa yeyote atakayekiazima kigezo hiki baadaye:
T., kushoto. Usinyooshe.