Milioni Kumi na Nane

Pesa ya mabondo, miaka sita,
nimeihesabu mara tatu kitandani
kisha nikairudisha kwenye ndoo, chini ya mchele.
Dada yangu Minza anasema kiwanja, Kisesa.
Kiwanja ninacho. Nataka kiti cha ngozi.

Miaka hiyo yote nilisimama Kigongo nikingoja kivuko,
barafu ikiyeyuka tengani, jua likinihesabia hasara,
na wenye magari wamefunga vioo
wanacheka jambo nisilolisikia.
Nilitaka siku moja niusikie huo utani.

Dalali Ng'wandu ana mbili uani kwake, Pasiansi.
Krauni nyeupe, ya mstaafu wa forodha,
daftari la matengenezo limeandikwa kwa kalamu ileile,
oili kila kilomita elfu tano, bila kukosa, kama mtu wa swala.
Kumi na saba na nusu. Haipungui.
Na Benzi ya kijani, kijani cha ziwa kabla ya mvua,
kumi na nne, na inapungua hata ukikohoa.
Bei inayoshuka bila kuombwa, kuna kitu inakikimbia.

Nilianza na Krauni, mpaka Igombe na kurudi.
Haikusema neno.
Mashimo iliyameza kama bibi amezavyo dawa,
bila kukunja uso.
Kiyoyozi kikapuliza baridi ya benki.
Niliposhuka sikukumbuka hata kona moja.

Benzi nikaipeleka darajani.
Usagara nikakata kulia,
usukani mzito kidogo, kama mkono wa mwanamume anayejua kucheza;
nikagusa mafuta, kiuno kikaelewa kabla ya kichwa.
Juu ya maji yaleyale yaliyonila asubuhi zangu,
dakika nne.
Dakika nne!
Nilicheka peke yangu, vioo vimefungwa,
na mama mmoja pembeni, beseni kichwani, akanitazama.
Ndipo taa ya injini ikawaka,
ya chungwa, ndogo, jicho la kuku.

Fundi Malale wa Mabatini alilala chini ya zote mbili.
Krauni, dakika kumi, akatoka akijipangusa.
Benzi, aliagiza chai kwanza.
Gaskiti inavuja. Sensa mbili zimekufa.
Shokapu za upepo, za nyuma, mpaka ziagizwe,
wiki tatu za mdomoni, miezi miwili ya kweli.
"Mama Holo, unataka kufika au unataka kwenda?"
Nikamwambia, mimi nimefika sana.
Alicheka, akaendelea kuhesabu kwa vidole vyenye grisi
mpaka vidole vikaisha.

Usiku nikakaa na karatasi, nikaipiga mstari katikati.
Huku: barabara ya Geita saa tisa za usiku, mzigo mbichi,
simu haishiki, boneti iko wazi, na mimi na tochi.
Kule: dakika nne.
Holo akachungulia begani:
"Mama, mbona upande mmoja umeandika kitu kimoja mara saba?"

Nimenunua Krauni.
Haijanilaza njiani hata siku moja.
Naipenda kama mtu ampendavyo mkwe mwenye adabu.
Jana nilifika Sengerema nikashangaa nimefika,
daraja limepita lini?

Ila Jumapili, nikitoka misani, nampigia Ng'wandu.
"Ile ya kijani imeuzwa?"
"Bado, mama. Sasa ni kumi na mbili."
"Na taa?"
"Taa inawaka."
Nanyamaza. Jirani anaosha pikipiki juu ya jiwe,
maji ya sabuni yanateremka mpaka kwenye tairi zangu safi.
"Ikiuzwa usiniambie," nasema,
na Jumapili inayofuata napiga tena.