Kitasa

Hapa Kariobangi, juu ya duka la rangi za magari,
nina kompyuta sita, moja haisikii herufi R.
Watu hunilipa kwa dakika
kutazama kiduara kikizunguka.

Mama Nasimiyu alibonyeza "anza upya" mara tisa,
na kila mara akarudi mwisho wa foleni
asiyoiona.
Nikamwambia: mama, ukifukua mbegu kila saa, itaota lini?
Akanijibu: na wewe unayekula saa zangu, utashiba lini?

Usiku ule nikaandika skripti, mistari kumi na minne,
iulize kwa niaba yake kila nusu sekunde.
Tayari? Bado.
Tayari? Bado.
Tayari?
Kengele ikalia. Tukakimbilia kioo, tukakuta mifupa:
vichwa vya maneno, visanduku vitupu,
nembo ya chuo imefika nusu ngao.
Ukurasa haukudanganya. Ulikuwa umesimama,
ila nyama ilikuwa ingali njiani.

Haya, subiri kila kitu, nikaiamuru,
kila picha, kila nukta.
Ikatii. Ikangoja hadi adhuhuri
kama mgeni aliyeona aibu kuomba maji,
yote kwa sababu ya tangazo moja la godoro
lililokataa kuja.
Subira huvuta heri, wanasema.
Hawakuwa wakinunua bando.

Jawabu nililipata kwenye ngazi, nikishuka kufuata chapati.
Fundi wa ghorofa jipya alikuwa anamkabidhi mpangaji chumba,
rangi mbichi, waya zinaning'inia,
na mpangaji hakuuliza lolote kuhusu rangi.
Alijaribu kitasa.

Nikapanda bila chapati.
Nikafuta mistari kumi, nikabakiza swali:
kitufe cha kuchapisha, kipo?
Na kikiguswa, kinasikia?

Jumatano, saa tano na robo, kengele.
Picha hazikuwa zimefika, nembo ilikuwa bado nusu ngao,
lakini karatasi ilitoka ikiwa na joto:
Nasimiyu, uuguzi, aripoti tarehe nne.
Mama aliisoma akiwa amesimama,
kisha akageukia kioo kwa mashaka.
"Na hii, imemaliza?"
"Haijamaliza, mama. Imefika."

Akaikunja mara nne, akaifunga ndani ya leso,
akadai chenji yake, shilingi tano.
Nyuma yetu kiduara kiliendelea kuzunguka
mpaka stima ikapotea,
kikitafuta godoro.