Ukwaju

Jumatano alasiri sinema ilikuwa ya wanawake watupu,
na mamangu hakukosa:
buibui la pili, lile la kupigwa pasi,
shilingi tatu zimefundikwa pindoni mwa leso,
na Bi Thureya wa chumba cha nyuma akiita dirishani,
"We Mishi, taa zazimwa!"

Mimi na Shebwana tulibaki na beseni,
tukimenya viazi vya kuuzwa magharibi, barazani, pale Kuze.
Ujira wetu tuliujua. Ulikuwa ungali kule gizani,
wamwangalia yeye.

Akarudi macho mekundu, akatundika buibui msumarini,
akateleka karai,
akachovya kiazi cha kwanza kwenye unga wa dengu,
na filamu ikaanza upya.
Mafuta yakawa mvua.
Upawa ukawa upanga, kisha mkono wa bibi harusi.
Kihindi alikijua maneno manne,
yote manne ya kulia.
"Alimwambiaje, Mama?"
"Alimwambia kwa macho. Pindua hivyo viazi."

Tulifungia kwa kurasa za vitabu.
Muuza vyuma vikuukuu alitupimia vitabu kwa ratili,
nami nilisoma kabla ya kuchana, mbio mbio,
kama alaye cha mwenyewe.
Binti mfalme nilimjua hadi ukurasa wa arubaini na mbili.
Wa arubaini na tatu aliondoka nao kuli mmoja wa bandarini,
umelowa pilipili.
Hata sasa nikinunua kitabu hukinusa kwanza,
na nikikaribia mwisho mkono hunitetema,
kana kwamba mteja amesimama mlangoni
na chenji yake hasa hasa.

Kisha ukaja mwaka wa homa.
Shebwana alikuwa na miaka saba.

Jumatano kumi na moja mama hakwenda popote.
Ya kumi na mbili Bi Thureya alimvika buibui kwa mikono yake.
Akarudi. Karai. Dengu.
Sikuuliza; alianza mwenyewe.
Ndugu wawili, mafuriko, mdogo akachukuliwa na mto.
Miaka ikapita, mkubwa yuko sokoni,
akasikia muuza maji akimwita
kwa jina la utotoni ambalo halijui mtu.
"Kwa hivyo hakufa?"
"Nani kakwambia amekufa? Yuko. Ameota ndevu. Leta chumvi."

Ukwaju siku hiyo aliuzidisha.
Wateja walikunja nyuso,
wakala, wakaenda zao.

Jana usiku, huku Mikindani, mvua imefunga njia,
Swafiya wangu aliipata filamu ile kwenye simu.
Niliitambua kwa daraja,
na kwa shali nyekundu ambayo kwetu ilikuwa leso.
Nikaketi, kiazi mkononi.
Ndugu wawili, naam.
Mafuriko, naam.
Mto ukamchukua mdogo.
Kisha mwanamke ukingoni akikunja shati dogo,
akilikunjua, akilikunja tena,
na kamera haiondoki, haiondoki,
mpaka majina yakaanza kupanda.

Nikangoja soko.
Nikamngoja muuza maji.
Swafiya akasema, "Imekwisha, Mama,"
na kiazi changu kilikuwa kimepoa.

Kwa hivyo alikaa mle gizani, akayaona yote haya,
katikati ya wanawake wanaopenga kamasi,
kisha akatoka, akapita njia yote ile kwa miguu,
na mahali fulani kati ya sinema na mlango wetu
akamwotesha mtoto ndevu.

Nikaamka nikaloweka ukwaju mwingine,
nikaukamua, kokwa baada ya kokwa.
Swafiya alinifuata hadi jikoni.
"Yule mdogo. Alikufa kweli?"

Mafuta yalikuwa yameanza kunyesha.

"Leta chumvi," nikamwambia,
huku nikihesabu kwa vidole vyenye uchachu:
hamsini na mbili, mwezi wa tatu,
na ndevu, bila shaka, na mvi kidogo upande huu.